Ulimi Mwekundu wa Mama Ngina

Jumapili alasiri, jua likianza kuinama, barabara ya Mama Ngina mjini Mombasa hufurika watu kama siku ya Idd. Wapo waliokuja kupunga upepo, wapo waliokuja kutazama meli zikiingia Kilindini, na wengi wao wamekuja kula. Karibu na ukuta wa bahari, mtoto wa miaka sita hivi anamalizia kifuko cha mabuyu. Mamake amemshika kidevu.

"Hebu toa ulimi nione."

Ulimi unatoka, mwekundu kuliko leso aliyojitanda mamake. Midomo nayo vivyo hivyo, vidole navyo, na ukosi wa gauni la kutokea. "Ni mabuyu tu, mama," mtoto anajitetea. Mama anacheka, anampangusa kwa ncha ya leso, kisha anamgeukia muuzaji.

"Ndugu yangu, hii rangi yenu mwaitoa wapi?"

"Dukani, mamangu. Ya chakula hii," muuzaji anajibu, macho yake yakiwa kwenye chenji.

Jibu hilo huenda ni la kweli, ila halitoshi. Rangi ya dukani yaweza kuwa imepimwa na kuruhusiwa duniani kote, na bado ikatiwa mara thelathini ya kiasi kinachofaa. Yaweza pia kuwa si ya chakula kabisa. Ulimi hauwezi kutofautisha: utatoka mwekundu vilevile.

Tembea hatua mia moja tu kwenye barabara hiyo uhesabu rangi. Viazi karai vimevishwa unga wa njano inayoelekea uchungwa, hata mgeni akadhani vimechovywa kwenye mayai. Mara nyingi yai halikupita hapo. Ni rangi ya unga ambayo madukani huitwa kwa jina la kiini cha yai. Achari ya embe ni nyekundu, barafu za mifuko ni kijani na waridi, na juisi kwenye ndoo ya plastiki ina rangi ya chungwa ambayo chungwa lenyewe halijawahi kuwa nayo. Mihogo ya kukaanga ndiyo pekee iliyokaa na weupe wake, kwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Hata hiyo pilipili ina kisa chake, tutakifikia.

Ukiingia Mji wa Kale mambo ni yale yale kwa heshima zaidi. Halua huja nyekundu au ya kahawia. Biriani ya harusi huletwa na wali wenye punje za njano na za rangi ya chungwa zilizochanganyika na nyeupe. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya zafarani, na wapo wapishi ambao hadi leo huiloweka kwenye maji ya waridi wakaimwagia wali unapopaliwa makaa. Lakini kilo moja ya zafarani hudai maua yapatayo 150,000, yote yachumwe kwa mkono. Si ajabu kwamba watu wameighushi tangu kale. Mjini Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1444, mfanyabiashara alichomwa moto pamoja na zafarani yake ya uongo. Siku hizi "zafarani" ya wapishi wengi ni kikopo cha unga, na hakuna anayechomwa.

Lakini mabuyu ndiyo yanayoisimulia habari hii vizuri zaidi, kwa sababu mti wenyewe uko pale pale juu ya kichwa cha muuzaji. Mibuyu mikongwe ilisimama Mama Ngina kabla ya barabara, na ingali ipo hata baada ya ufuo kutengenezwa upya na kuandaliwa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019. Lipasue buyu utazame ndani: unga ulioshika mbegu ni mweupe kama maziwa, mkavu, mchachu, wenye vitamini C tele. Umoja wa Ulaya uliupa ruhusa ya kuuzwa huko mwaka 2008, ukaupanga katika fungu la vyakula vipya. Vipya kwao.

Wekundu basi huingia jikoni. Sukari na maji huchemshwa sufuriani mpaka shira ianze kunata. Hutiwa hiliki au vanila, wengine hutia pilipili na chumvi kidogo. Hutiwa rangi. Kisha mbegu zenye unga wake humiminwa humo na kugeuzwa kwa mwiko, upesi upesi, kabla shira haijaganda. Tazama mkono wa mpishi pale penye rangi: huchota kwa ncha ya kijiko, hukoroga, hutazama, kisha huongeza. Sukari aliipima kwa kikombe na maji pia, lakini rangi huipima kwa jicho. Naye hana budi, kwa kuwa mabuyu yakitoka yamepauka wateja watasema ni ya zamani.

Ndani ya kile kikopo mna nini?

Kwa kawaida mna jamii ya rangi zilizozaliwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, na ambazo leo hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Mwaka 1856 kijana wa London aitwaye William Henry Perkin, akiwa na miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi uliotoa zambarau alipouosha kwa spiriti. Zambarau hiyo ikawa rangi ya kwanza ya kiwandani ya aina yake, ikavaliwa na mabibi wa Ulaya, na haukupita muda mrefu kabla ndugu zake hawajahama kutoka kwenye nguo na kuingia kwenye peremende na siagi.

Ni haki kusema kwamba zilizokuwapo kabla yake zilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1820 mkemia Frederick Accum alichapisha kitabu London akaeleza jinsi peremende za watoto zilivyopakwa wekundu wa madini ya risasi na ya zebaki, na kijani cha shaba. Zile rangi za lami zilipokuja, zilionekana kuwa afueni: kidogo tu hutosha, haziharibiki kwa moto wala kwa jua, na bei yake ni ya chini sana. Sifa hizo tatu ndizo zinazoziweka kwenye meza ya Mama Ngina hadi leo.

Afueni hiyo nayo ilikuwa na makovu yake. Mwaka 1950 huko Marekani, watoto waliugua baada ya kula peremende za sikukuu ya Halloween zilizokolezwa rangi ya chungwa iliyokuwa na ruhusa ya serikali. Mwaka 1976 nchi hiyo ikapiga marufuku wekundu namba 2, uliokuwa maarufu kuliko wote. Januari 2025 ikawa zamu ya wekundu namba 3, erithrosini, kwa kuwa uliwaletea panya dume uvimbe kwenye tezi ya shingo. Kichekesho ni kwamba Marekani ilikuwa imeukataza kwenye vipodozi tangu 1990. Kwa miaka 35 hukuruhusiwa kuupaka mdomoni, lakini kuula uliruhusiwa.

Kwa hiyo anayesema rangi hizi hazina neno hajasoma historia. Anayesema zote ni sumu naye hajasoma hesabu.

Tangu 1956 mashirika ya FAO na WHO yana kamati ya pamoja ya wataalamu wanaopima vitu vinavyoongezwa kwenye chakula. Ulaya ina mamlaka yake ya usalama wa chakula, EFSA. Kazi yao, kwa ufupi, huenda hivi: wanyama hulishwa rangi kwa viwango mbalimbali kwa muda mrefu, hutafutwa kiwango cha juu ambacho hakikuleta madhara, na kiwango hicho kwa kawaida hugawanywa kwa 100. Kinachobaki ndicho kikomo cha mtu kwa siku, kwa kila kilo ya uzito wake, hata akila rangi hiyo kila siku ya maisha yake. Njano iitwayo tatrazini, namba 102, Ulaya imeiwekea miligramu 7.5. Ile ya chungwa iitwayo Sunset Yellow, namba 110, ina 4. Kamoisini, namba 122, wekundu unaopatikana sana kwenye peremende na juisi za unga, nayo ina 4. Nyekundu nyingine, Ponceau 4R, Ulaya iliishusha hadi 0.7 tu.

Tupige basi hesabu ya jikoni. Kijiko cha chai cha unga wa rangi kina gramu 3 hivi. Tuseme mpishi ametia kimoja kwenye mabuyu ya kilo 2, na tuseme unga huo ni kamoisini tupu. Kila gramu ya mabuyu itakuwa imebeba miligramu moja na nusu ya rangi. Mtoto wa kilo 15 akimung'unya gramu 50, amemeza miligramu 75. Kikomo chake kwa siku ni 60. Amekipita kabla hajaomba juisi.

Ulaya, kwa kulinganisha, peremende hairuhusiwi kupita miligramu 50 za kamoisini kwa kilo. Kwa kilo 2 ni miligramu 100. Kijiko chetu kina 3,000.

Kikomo kikipitwa Jumapili moja mtoto hajalishwa sumu. Ile sehemu ya mia imewekwa makusudi kama akiba, na hesabu yake ni ya maisha mazima. Ila mtoto wa Mombasa hali rangi Jumapili pekee. Shuleni Jumatatu kuna barafu kwenye lango, Jumanne achari, nyumbani juisi ya unga, na mwisho wa wiki kuna keki ya nduguye.

Tena hesabu hiyo imekaa juu ya "tuseme" mbili. Vikopo vingi vya rangi si rangi tupu. Unga huchanganywa na chumvi au wanga ili ukoleze polepole. Kikopo kimoja huenda kina rangi kali kabisa, cha pili kina robo yake. Mpishi aliyezoea cha pili akanunua cha kwanza kwa sababu duka la kawaida limeishiwa, mkono wake hautajua. Anayetaka kujua ana njia rahisi: kijiko kimoja kiyeyushwe kwenye nusu lita ya maji, na mapishi yachote kutoka kwenye chupa. Hapo kijiko kimoja cha maji hayo hakiwezi kuwa na zaidi ya miligramu 30, na vitatu vinatosha kilo 2 za mabuyu kwa kipimo cha Ulaya. Yatakuwa ya waridi, hayatafikia wekundu wa damu. Hapo tena linarudi suala la mteja.

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, sura ya 254, ni ya mwaka 1965, na kanuni zake za 1978 zinataja rangi zinazokubalika na jinsi ya kuandika vibandiko. Shirika la viwango, KEBS, hutoa alama yake kwa bidhaa zilizofungwa, na kibandiko hutakiwa kutaja rangi kwa jina au kwa namba. Tatizo ni pale pakiti inapofunguliwa. Kifuko kilichofungwa fundo kwa mkono hakina kibandiko, wala kiazi karai hakina. Maafisa wa afya wa kaunti wanaweza kuangalia cheti cha muuzaji, usafi wa meza na maji ya kunawia; rangi iliyomo ndani ya shira haionekani kwa macho ya afisa, hudai maabara.

Wazazi wengi, hata hivyo, hawaulizi habari za tezi wala za panya. Wanalouliza ni hili: mbona mtoto akila vitu hivi hatulii?

Swali hilo lina umri wa nusu karne. Katika miaka ya 1970 daktari wa mzio wa Marekani, Ben Feingold, alidai kwamba rangi na ladha za kiwandani huwafanya watoto wengine wasishikike. Alishangiliwa na wazazi na kubezwa na madaktari wenzake. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walilipima jambo hilo kwa uangalifu zaidi: watoto 153 wa miaka mitatu na 144 wa miaka minane na tisa walipewa juisi, siku nyingine yenye rangi na kihifadhi cha sodiamu benzoeti, siku nyingine isiyo navyo, bila mtoto wala mzazi kujua ipi ni ipi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet. Kwa wastani watoto walichangamka kupita kiasi kidogo walipokunywa mchanganyiko wa rangi. "Kidogo" hapo ndilo neno lenye uzito. Tofauti haikuwa kubwa, haikuwa sawa kwa kila mtoto, na kwa kuwa vitu vilichanganywa haikujulikana ni rangi ipi yenye kosa. EFSA ilipoupitia utafiti huo mwaka 2008 ilisema ushahidi ni mdogo. Wanasiasa hawakungoja. Tangu Julai 2010, chakula chenye mojawapo ya rangi sita, zikiwamo tatrazini, Sunset Yellow na kamoisini, hakiuzwi Umoja wa Ulaya bila onyo kwamba yaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Viwanda vingi vikaona ni nafuu kubadili rangi kuliko kubandika onyo.

Kwa mzazi wa Likoni au Kibokoni maana yake ni ya kawaida tu: kama mtoto wako huwa hashikiki kila baada ya barafu ya kijani, si wewe unayeota. Huenda pia ni sherehe yenyewe, joto na kukosa usingizi wa mchana. Mnyime rangi wiki mbili uone. Na kuna watu wachache ambao tatrazini huwatoa upele na mwasho. Kwao hakuna cha kujaribu, ni kuiepuka.

Hadi hapa tumezungumzia rangi zilizokusudiwa kuliwa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye zile ambazo hazikukusudiwa.

Hapa ndipo ile pilipili ya mihogo inaporudi. Kuna rangi nyekundu iitwayo Sudan I, iliyotengenezwa kwa ajili ya nta, mafuta na rangi ya viatu. Pilipili ikikaa sana stoo hupauka, na wekundu ndio bei yake. Ukiichanganya na Sudan I hurudi ujana. Mwaka 2003 Ufaransa iliigundua kwenye pilipili ya unga iliyotoka India. Mwaka 2005 Uingereza ikagundua kwamba sosi moja ilikuwa na pilipili ya namna hiyo, na sosi hiyo ilikuwa imekwisha tiwa kwenye vyakula vingine. Zaidi ya bidhaa 400 ziliondolewa madukani. Tofauti kati ya Sudan na tatrazini haiko kwenye ukali wa rangi. Tatrazini huyeyuka kwenye maji, na sehemu yake kubwa hupita tumboni bila kuingia mwilini. Sudan huyeyuka kwenye mafuta, huingia kwa urahisi, na imewaletea uvimbe wanyama wa maabara. Hakuna kikomo kilichowekwa kwa sababu haina ruhusa.

Februari 2024 ikawa zamu ya pamba ya sukari. Puducherry na Tamil Nadu, kusini mwa India, zilipiga marufuku uuzaji wake baada ya maabara kukuta waridi yake inatokana na rodamini B, rangi ya nguo. Mwezi uliofuata Karnataka ikafuata. Waridi ile ile ya kung'aa ambayo watoto huikimbilia.

Pwani yetu ina mlango wake wa hatari hiyo. Wanawake wanaosuka mikeka hununua rangi za unga za kuchemshia ukili: nyekundu, zambarau, kijani, zote za kuvutia, zote za bei nafuu. Zikishatolewa kwenye kopo na kufungwa kwenye kikaratasi, unga wa mkeka na unga wa biriani hufanana kama mapacha. Mwenye duka huenda anajua kipi ni kipi, lakini kijana wa duka aliyeanza kazi jana hajui. Kwa mpishi, ule msimamo wa kukataa rangi ya kufungiwa kwenye karatasi, na kudai kopo lenye jina na namba, ni kinga kuliko maneno yote ya "asili" na "kemikali" yanayosikika mitaani.

Kwani hayo maneno nayo yanapotosha. Wengi wakisikia rangi ya kiwandani hukimbilia manjano, bizari ya bibi, wakidhani wamefika salama. Bangladesh walidhani hivyo pia. Utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Stanford na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wasindikaji walikuwa wakiing'arisha manjano kwa kromati ya risasi, unga wa njano wa viwandani, na risasi hiyo ikafika hadi kwenye damu za kina mama waja wazito. Serikali ilivamia soko, ikatoza faini, ikabandika matangazo. Sampuli za sokoni zenye risasi zilikuwa 47 kwa mia mwaka 2019. Mwaka 2021 haikupatikana hata moja. Jambo likitakiwa huwezekana kwa miaka miwili. Kwa mnunuzi wa soko la Marikiti, kununua manjano nzima na kuisaga nyumbani kunapunguza sana nafasi ya kuongezewa kitu.

Hata manjano safi ina kikomo. Kile kinachoipa rangi, kakumini, kimewekewa miligramu 3 kwa kilo ya mwili, pungufu ya nusu ya tatrazini. Na wekundu wa asili unaosifiwa sana, kamini, namba 120, hutolewa kwenye wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi huko Peru, wakakaushwa na kusagwa. Ni salama kwa wengi, huwadhuru wachache wenye mzio, na katika mji wa misikiti mingi huzua swali jingine kabisa: wapo wanavyuoni wanaoizuia na wapo wanaoiruhusu. Mwenye kusoma vibandiko kwa ajili ya dini amekwisha kuwa hodari wa namba kuliko majirani zake.

Rangi ya asili iliyo karibu zaidi na Mama Ngina haihitaji kutafutwa Peru. Vuka kwa feri ya Likoni, shika barabara ya Kwale, na mashambani utakuta mti mfupi wenye maganda mekundu yenye manyoya, mfano wa matunda ya shokishoki yaliyobonyea. Wakulima wa huko huuita biksa. Kwenye mashamba ya viungo ya Unguja ni mzingefuri, na waongoza wageni hufikicha mbegu zake wakawapaka watalii midomoni. Jina ni la zamani kuliko mti: zingefuri ilitoka kwa Waarabu, na kwao lilikuwa jiwe jekundu lenye zebaki, ile ile zebaki ambayo Accum aliikuta kwenye peremende za London. Mti ulipoletwa kutoka Amerika, Waswahili waliupa jina la rangi waliyoijua.

Kwale kuna kiwanda kinachosindika mbegu hizo, na Kenya ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa rangi hii duniani, namba 160b. Wateja wake wako ng'ambo. Jibini ya Kiingereza iitwayo Red Leicester hupata uchungwa wake kutokana na mbegu za aina hiyo hiyo. EFSA ilipoipima upya mwaka 2016, ile sehemu yake inayoyeyuka kwenye maji iliipa kikomo cha miligramu 0.3 tu kwa kilo, kigumu mara kumi na zaidi kuliko cha kamoisini.

Kwa mabuyu, mzingefuri una kasoro: hutoa njano na chungwa, si ule wekundu ambao watoto hunyooshea kidole. Juani hupauka. Na kwa bei hauwezi kushindana na kikopo. Viazi karai lakini ungevifaa, na wali wa biriani pia. Kuna wapishi wa Unguja ambao hawajauacha.

Saa kumi na mbili kasoro, taa za ufuoni zinawaka. Meli ya makontena inatoka bandarini taratibu, karibu na ukuta kiasi cha kuona mabaharia sitahani, na ndani ya makontena hayo huenda mna magunia ya rangi ya Kwale yakielekea kwenye jibini ya mtu. Watoto wamepanda ukutani wanaipungia. Viganja vyao bado ni vyekundu.